ISO ya Linux haiwaki: anza na ujumbe wa mwisho kwenye kioo

Faili la ISO (diski nzima ya kuwakia ndani ya faili moja) ulilolitengeneza mwenyewe kwa mstari wa amri likikataa kuwaka, kishawishi cha kwanza ni kurudia amri ile ile na kungojea jibu jengine. Ukiwa mjini, hasara ni umeme na muda. Lakini fundi anayepanda boti Malindi, Unguja, kwenda Mkoani, Pemba, kisha gari ya abiria mpaka skuli ya Konde au Micheweni, anaipoteza safari nzima, maana huko aendako huenda hakuna intaneti ya kushusha GB tatu upya. Skuli zetu zina haki ya kupata kompyuta zenye programu za bure zilizokwisha pangwa, zenye saa ya hapa kwetu na masomo yanayosomeka bila ya mtandao. Kazi hiyo inawezekana kabisa kwa zana za bure, ila ISO lazima ijaribiwe kabla ya kuvuka bahari, na likitokea kosa ujue limetokea wapi.

Kuwaka kwa kompyuta ni kupokezana. BIOS au UEFI, yaani programu ya kuwashia iliyomo ndani ya kompyuta yenyewe (BIOS ya zamani, UEFI mpya), hutafuta kianzishi. Kianzishi, yaani ISOLINUX au GRUB, hupakia kerneli, yaani kiini cha Linux, na initrd, mfumo mdogo wa muda. Initrd huitafuta `filesystem.squashfs`, faili lililobana mfumo mzima, ndani ya diski na kuifungua, ndipo mfumo wenyewe unapoanza. Kila mmoja ana namna yake ya kulalamika, kwa hivyo sentensi ya mwisho uliyoiona inakwambia nani alipokea na nani hakufikiwa. Ipige picha kwa simu kabla hujazima kitu chochote.

Amri zilizomo humu ni za Debian na Ubuntu. Zana zenyewe:

```
sudo apt install xorriso squashfs-tools mtools isolinux \
  syslinux-common grub-pc-bin grub-efi-amd64-bin \
  qemu-system-x86 ovmf
```

Kabla ya dalili yoyote: ISO ya asili ni nzima?

Umeme ukikatika katikati ya kushusha, faili hubaki na jina lake kamili na ukubwa pungufu. Endelea na `wget -c` badala ya kuanza upya, kisha pima:

```
sha256sum -c SHA256SUMS --ignore-missing
```

Isipotoka `OK`, usiendelee. Yote yanayofuata yanachukulia kwamba hatua hii imepita.

Jaribu mara tatu bila ya kugusa flashi

QEMU inakuwekea kompyuta ya bandia ndani ya kompyuta yako. Mafundi wengi wanaijua amri ya kwanza tu, na hapo ndipo wanapodanganyika, kwa sababu ISO moja ina milango mitatu tofauti ya kuwakia.

```
qemu-system-x86_64 -m 2048 -cdrom skuli.iso -boot d
qemu-system-x86_64 -m 2048 -drive file=skuli.iso,format=raw
qemu-system-x86_64 -m 2048 -bios /usr/share/ovmf/OVMF.fd -cdrom skuli.iso
```

Ya kwanza ni CD kwenye BIOS. Ya pili ni flashi kwenye BIOS. Ya tatu ni UEFI. Zikiwaka zote tatu na kompyuta ya skuli isiwake, ISO haina kosa: tafuta kwenye flashi au kwenye kompyuta yenyewe. Ikigoma moja kati yao, kosa limo ndani ya ISO, na hakuna flashi mpya itakayolitibu.

*Ya kwanza inagoma na kuandika* `Could not read from CDROM` *pamoja na namba.* Iangalie namba hiyo. Ikiwa ni 0004, ISO yako ni ya data tu, haina rekodi ya El Torito, ule utaratibu wa mwaka 1995 unaoieleza BIOS kianzishi kiko wapi ndani ya diski. Umesahau `-b` ya amri ndefu ya hapa chini. Ikiwa ni 0009, rekodi ipo lakini imeandikwa kwa ajili ya UEFI peke yake. Hiyo hutokea sana kwa anayetumia `grub-mkrescue` kwenye kompyuta isiyo na `grub-pc-bin`: amri inamaliza kazi kwa utulivu, ISO inatoka, na nusu ya kompyuta za skuli haziijui. Weka pakiti hiyo, tengeneza tena. `grub-mkrescue` ikilalamika kuhusu `mformat`, kinachokosekana ni `mtools`. Ikisema xorriso yako haifai, mara nyingi xorriso haimo kabisa.

*Ya kwanza inawaka, ya pili haiwaki.* Hapa panahitaji maelezo. Mfumo wa ISO 9660 huziacha wazi sekta 16 za mwanzo, kila moja baiti 2048, jumla baiti 32,768. CD haizitumii. Flashi, kinyume chake, husomwa na BIOS kuanzia baiti ya kwanza kabisa, ikitafuta rekodi ya kuwakia yenye alama 55 AA mwishoni mwa baiti 512. ISO inayowaka kote kuwili ni ile iliyowekewa rekodi hiyo katika nafasi iliyoachwa wazi. Itazame:

```
xxd -s 510 -l 2 skuli.iso
```

Ukiona `55aa`, ipo. Ukiona sufuri, ongeza `-isohybrid-mbr`, kama inavyoonekana katika amri ndefu ya hapa chini.

*Ya tatu haiwaki.* UEFI haisomi `isolinux.bin`. Inataka faili dogo la mfumo wa FAT, ambalo wengi huliita `efi.img`, na ndani yake `EFI/BOOT/BOOTX64.EFI` kwa jina hilo hilo. Likiwa halimo au halikutajwa kwa `-e`, kioo kitarudi kwenye menyu ya UEFI bila ya neno.

Amri kamili ya kutengeneza ISO yenye milango yote, kwa mfumo unaotumia ISOLINUX:

```
xorriso -as mkisofs -R -J -V "SKULI" \
  -isohybrid-mbr /usr/lib/ISOLINUX/isohdpfx.bin \
  -b isolinux/isolinux.bin -c isolinux/boot.cat \
  -no-emul-boot -boot-load-size 4 -boot-info-table \
  -eltorito-alt-boot -e boot/grub/efi.img \
  -no-emul-boot -isohybrid-gpt-basdat \
  -o skuli.iso kazi/
```

Njia ya `-b` na `-e` huhesabiwa kuanzia ndani ya folda `kazi`. Ukiandika `kazi/isolinux/isolinux.bin`, genisoimage, zana nyengine ya kufungia ISO, itakujibu kwamba haioni boot image, hata kama faili unaliona kwa macho yako.

Amri ya zamani, ISO mpya

Hili linastahili nafasi yake peke yake, kwa kuwa ndilo linalowatesa zaidi vijana wanaojifunza. Maelekezo mengi yanayozunguka yanataja folda ya `isolinux`. Ubuntu iliiacha ISOLINUX kuanzia toleo la 20.10, tangu hapo hata upande wa BIOS unawashwa na GRUB, na sehemu ya UEFI imewekwa kama partisheni mwishoni mwa ISO, haimo tena kama faili ndani ya folda. Ukiifungua ISO ya namna hiyo, ukabadilisha unachotaka na kuifunga kwa amri ya zamani, hakuna kitakachowaka, na wala hukukosea kuandika.

Usikisie. Iulize ISO ya asili ilifungwa vipi:

```
xorriso -indev asili.iso -report_el_torito as_mkisofs
```

Itakuandikia vigezo vyake vyote, kimoja kimoja, pamoja na lebo, yaani jina la diski. Na ukiwa unataka kuongeza au kubadilisha mafaili machache tu, huna haja ya kuifungua yote:

```
xorriso -indev asili.iso -outdev skuli.iso \
  -boot_image any replay \
  -map masomo /masomo \
  -map grub.cfg /boot/grub/grub.cfg
```

Neno `replay` linarudisha mpangilio wote wa kuwakia kama ulivyokuwa. Ningekuwa na uwezo wa kuwafundisha mafundi wote wa Unguja na Pemba amri moja tu ya kazi hii, ingekuwa hiyo. Xorriso ikikataa kuandika, tazama kama `skuli.iso` ya jaribio lililopita bado ipo; ifute kwanza.

ISOLINUX imeamka, imesimama

`Failed to load ldlinux.c32`. Kuanzia toleo la 5, ISOLINUX inataka faili hilo liwe pembeni yake. Linakaa `/usr/lib/syslinux/modules/bios/`. Linakili, na usichanganye matoleo: `isolinux.bin` ya toleo moja na `.c32` ya toleo jengine havisikilizani. Menyu ya `vesamenu.c32` nayo inataka `libcom32.c32` na `libutil.c32`.

`Image checksum error, sorry`. Ndani ya `isolinux.bin` kuna jedwali dogo linaloeleza faili lenyewe limekaa sekta gani. `-boot-info-table` ndiyo inayolijaza. Ukichukua `isolinux.bin` kutoka ISO nyengine na kusahau kigezo hicho, jedwali linaelekeza mahali pa zamani. Chukua faili safi kutoka `/usr/lib/ISOLINUX/`. Ujumbe huo huo hutoka pia diski ikiwa imechubuka. Jihadhari na jambo moja: genisoimage hulibadilisha faili la asili ndani ya folda yako ya kazi, kwa hivyo weka nakala.

GRUB inakuonesha `grub>` na kungojea

GRUB ipo hai, haikuiona `grub.cfg`. Usizime. Iambie:

```
ls
search --set=root --file /casper/vmlinuz
configfile /boot/grub/grub.cfg
```

Menyu ikitokea, tatizo ni njia iliyoandikwa ndani ya GRUB, na umeshajua pa kurekebisha. Ukiona `you need to load the kernel first`, usihangaike na mstari wa `initrd` ulioitoa. Mstari wa `linux` uliotangulia ndio ulioshindwa, aghalabu kwa herufi moja katika njia ya `vmlinuz`.

Kerneli ikipanda na kufa kwa `Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)`, initrd haikupakiwa au imeharibika. Tazama jina lake ndani ya `grub.cfg` dhidi ya jina halisi kwenye folda.

Kioo kimeganda kwenye `(initramfs)`

Simu nyingi zinazotoka Pemba ni za dalili hii. Kijana yupo Wete, anapiga: "Kaka, inasema haioni live file system, halafu inaniachia mstari mtupu." Mstari huo si mtupu. Ni ganda dogo la amri ndani ya initrd, na linajibu. Unamwambia: "Usizime. Andika nitakayokwambia, unisomee."

```
blkid
mkdir /m
mount -t iso9660 -o ro /dev/sdb /m
ls -a /m /m/casper
```

Jibu linagawika.

Flashi haionekani kabisa kwenye `blkid`: BIOS iliiona, kerneli haikuiona. Ihamishe kutoka tundu la buluu la USB 3 kwenda tundu jeusi, au kutoka mbele kwenda nyuma ya kompyuta.

Flashi inaonekana, lakini `ls` inaonesha `filesyst.squ` badala ya `filesystem.squashfs`: ISO imefungwa bila ya Rock Ridge, nyongeza inayohifadhi majina marefu, na majina yamekatwa kufuata sheria ya herufi nane kwa tatu. Xorriso huiweka Rock Ridge yenyewe. Genisoimage haiweki mpaka uiambie `-R`. Initrd inatafuta jina zima, hailioni, inakata tamaa.

Majina ni mazima, ila `.disk` haimo: uliinakili ISO kwa `cp -r /mnt/* kazi/`. Ile nyota haichukui kitu chochote kinachoanza na nukta. Ubuntu huweka ndani ya `.disk` namba ya utambulisho inayolinganishwa na ile iliyomo ndani ya initrd. Nakili kwa `cp -a /mnt/. kazi/`, ile nukta ya mwisho ndiyo dawa. Kama `.disk` ipo na bado inagoma, huenda umechukua initrd ya toleo jengine. Kwa muda, ongeza `ignore_uuid` kwenye mstari wa kerneli uone kama inapita.

Kwa Fedora na jamaa zake, mlango huo huo unaitwa dracut, na mkosaji karibu kila mara ni lebo. Mstari wa kerneli unataja `root=live:CDLABEL=` na jina; ukibadilisha `-V` bila ya kubadilisha mstari huo, itangojea diski isiyokuwepo mpaka ichoke. Lebo isizidi herufi 32, na usiweke nafasi ndani yake ukitaka usingizi mzuri.

Mfumo umeanza, lakini si sawa

`sudo must be owned by uid 0`: uliifungua squashfs bila ya kuwa root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, kwa hivyo mafaili yote yamekuwa mali yako. Hakuna njia ya mkato. Futa folda, `sudo unsquashfs` upya, rudia mabadiliko.

ISO imevimba ghafla, na ndani kuna mambo ya zamani pamoja na mapya: `mksquashfs` ikikuta faili lenye jina hilo, huongezea juu yake badala ya kuliandika upya.

```
sudo mksquashfs squashfs-root filesystem.squashfs -comp xz -noappend
```

Video za masomo zimegoma kuingia: faili moja limepita GB 4. Genisoimage haijui kuligawa; xorriso inaweza bila ya kuombwa. Na kama ulikuwa umeipanga flashi kwa FAT32 ili unakili mafaili kwa mkono, FAT32 nayo inaishia hapo hapo, kwa hivyo andika ISO nzima kwa `dd`.

Ukaguzi wa diski wa Ubuntu unasema kuna makosa katika faili moja au mawili, nawe ndiye uliyeyabadilisha: hesabu zilizomo kwenye `md5sum.txt` ni za zamani. Zitengeneze upya kabla ya kufunga.

ISO ni nzima, flashi ndiyo tatizo

Kabla ya `dd`, kila mara, bila ya kuona uvivu:

```
lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,TRAN
```

Tafuta yenye `usb` na ukubwa unaoujua. `dd` haiulizi. Ukiiandikia `/dev/sda` na hiyo ikawa ni diski ya kompyuta ya mwalimu mkuu yenye matokeo ya mitihani, hakuna amri ya kuyarudisha.

```
sudo umount /dev/sdb*
sudo dd if=skuli.iso of=/dev/sdb bs=4M status=progress conv=fsync
```

Andika `sdb`, si `sdb1`. Ukiiandika ndani ya partisheni, rekodi ya kuwakia haikai baiti ya kwanza ya flashi, na BIOS haioni kitu, au inasoma mabaki ya zamani na kulalamika `isolinux.bin missing or corrupt`.

Kasi ikiwa ya ajabu, kisha ikatoka `No space left on device`, flashi haikuwemo. `dd` imeunda faili la kawaida liitwalo `sdb` ndani ya `/dev`, yaani kwenye RAM. Lifute, chomeka flashi, tazama `lsblk` tena.

Bila ya `conv=fsync`, `dd` inaweza kusema imemaliza wakati data bado inateremka. Anayechomoa kwa haraka kuwahi boti huondoka na flashi nusu. Baada ya kuandika, linganisha:

```
sudo cmp -n $(stat -c %s skuli.iso) skuli.iso /dev/sdb
```

Ikinyamaza, kila baiti imefika. Ikitaja tofauti baada ya GB kadhaa, flashi ni mbovu au ukubwa wake ni wa uongo. Zipo zinazouzwa kama GB 64 na ndani hazifiki hata robo. `f3probe` kutoka pakiti ya `f3` inakupa ukubwa wa kweli. Zipime zote hapo unaponunulia ukiweza, au angalau kabla ya kugawa.

Kompyuta yenyewe

Skuli moja inaweza kuwa na kompyuta za miaka kumi tofauti, kwa kuwa nyingi ni za msaada au za mtumba. `This kernel requires an x86-64 CPU` maana yake kichakato ni cha biti 32. ISO hiyo haitawaka humo kwa dawa yoyote. Debian 12 bado ina ISO ya i386. Debian 13, iliyotoka 2025, haina tena. Kwa hivyo weka ISO ya Debian 12 pembeni kwa mashine hizo.

Vipo pia vikompyuta vidogo vyenye kichakato cha biti 64 na UEFI ya biti 32. Hivyo huruka `BOOTX64.EFI` na kutafuta `BOOTIA32.EFI`. Weka zote mbili ndani ya `efi.img`.

`Security Violation` kwenye kioo cha buluu ni Secure Boot, ulinzi wa UEFI unaokataa kianzishi kisicho na saini. GRUB uliyoitengeneza mwenyewe haina saini inayotambulika. Zima Secure Boot kwenye mipangilio ya UEFI, au tumia `shimx64.efi.signed` na `grubx64.efi.signed` zinazotoka na Debian au Ubuntu. Njia ya `replay` iliyotajwa juu inaziacha saini za asili mahali pake, faida nyengine ya kutofungua ISO bila ya haja.

Na kompyuta ya zamani isiyowaka kwa USB kabisa? Choma DVD, kwa kasi ndogo:

```
xorriso -as cdrecord -v dev=/dev/sr0 speed=4 blank=as_needed skuli.iso
```

DVD ya kawaida huchukua GB 4.7, CD ni MB 700. Ukiifungua diski ukakuta faili moja tu liitwalo `skuli.iso`, ISO imenakiliwa kama faili, haikuchomwa kama diski. Rudia kwa amri hiyo. DVD ikiwaka kwenye kompyuta yako na kugoma kwenye ya skuli, safisha lenzi ya kisomeo kabla ya kuilaumu diski, hasa katika majengo yaliyo karibu na pwani ambayo madirisha yake hayafungwi msimu wa kusi.